Karatasi Haizai Mtu

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama, hapa Kolwezi. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.)



Kamati iliniomba niseme juu ya makaratasi. Najua jambo hili halina utamu. Mtu akisikia «makaratasi» anawaza mstari mrefu mbele ya ofisi, na fotokopi, na «rudia kesho». Lakini leo mchana tutapiga kura juu ya swali moja: chama kiendelee kusinya barua za ushahidi kwa watu wanaokuja kuziomba, ao hapana? Na kama kitasinya, kisinye kwa nani, na kwa makuta ngapi? Wengine wamesema kila kashe ilipiwe, kasha letu lipate kujaa. Mbele ya kupiga kura, tuelewane kwanza karatasi ni kitu gani, na inaonyesha nini juu ya mtu.

Sisi hapa hatukurudi kwa njia moja. Wako wazee waliokimbia vita ya 1977 na ile ya 1978, wakati Kolwezi ilipokamatwa tarehe 13 mwezi wa 5, na askari wa Ufaransa wakashuka na parashuti tarehe 19. Wakapita Kasaji na Dilolo, wakaingia Angola. Wengine walivuka upande wa Zambia, wakafika Meheba, ile kambi iliyofunguliwa 1971 karibu na Solwezi. Wako ndugu zetu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa Kolwezi na Likasi mwaka 1992 na 1993, wakalala wiki nyingi kwenye stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuzaliwa hata kidogo. Wako wale waliofukuzwa Angola mwaka 2018. Kila mtu alirudi na mfuko wake, na ndani ya mfuko karatasi ya namna yake. Wengine walirudi mikono mitupu.

Sasa tuulizane. Ukifika ku ofisi, ao kwenye barière, wanakuuliza: «Papa, uko nani?» Unajibu jina lako. Wanasema: «Leta karte.» Juu ya nini? Juu jina kila mtu anaweza kulisema. Karte ni jina ambalo mtu mwingine alilisema kwa ajili yako. Njo maana yake yote. Picha inaonyesha kwamba karte na sura vinakwenda pamoja. Namba inaonyesha kwamba kuna kitabu mahali fulani. Na kile kitabu, ukikifuata mpaka mwanzo wake, utakuta siku moja mtu alisimama akasema: «Huyu ni mtoto wa fulani, nilikuwapo.» Muganga wa materniti, mama mkubwa, shefu wa kijiji, ao padri. Karatasi haizai mtu. Karatasi inazaliwa na mashahidi.

Hapa kwetu Katanga tunalijua jambo hili zamani. Union Minière ilianza 1906, na iliwajua watu wake kwa matrikile. Baba alikuwa na namba, na kwa namba ile mke alipata posho, mtoto alipata masomo na hospitali. Hata leo mzee wa Gécamines anaweza kusahau simu yake lakini matrikile hasahau. Wale 10,655 waliotoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, mwaka 2003 na 2004, wengi wamelinda karte zile za kazi mpaka sasa. Wako na haki. Wakati Leta ilipoandikisha wachaguzi, sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2004 ilikubali karte ya kazi, kitabu cha pensheni, karte ya mwanafunzi, permi ya kuendesha motokari. Na kama mtu hakuwa na kitu, ilikubali ushahidi wa watu walioandikishwa tayari kwenye kituo kile. Mnaona? Hata Leta, karatasi ikikosekana, inarudi kwa watu.

Na hapa Kongo inakosekana sana. Watu walihesabiwa kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na wajukuu, na yeye mwenyewe hajahesabiwa tena. Kuanzia 2005, karte ya uchaguzi njo tunatembea nayo, kama kitambulisho cha kungojea kitambulisho. Ilitolewa 2005, tena 2011, tena 2016 mpaka 2018, tena 2022 na 2023. Zile za mwisho mnazijua: kwa watu wengi picha na maandishi vilifutika. Mtu anatoa karte, polisi anaona kipande cheupe. Mwezi wa 6 mwaka 2023 kadi mpya za raia zilianzishwa Kinshasa kwa sherehe, lakini sisi tuliokaa hapa tungali tunatembea na ile ya uchaguzi, ao atestasio ya kupoteza karatasi. Fikirini vizuri hii: karatasi inayosema «nimepoteza karatasi» njo imekuwa karatasi ya watu wengi.

Kama ni hivi kwa yule ambaye hajawahi kuondoka Manika ao Dilala, itakuwa namna gani kwa aliyekaa inje miaka makumi mbili?

Kwetu siye waliorudi, maswali iko mawili, na watu wanayachanganya. La kwanza: «Uko nani?» La pili: «Uko wa nani?» La kwanza ni utambulisho: jina, siku ya kuzaliwa, sura. La pili ni uraia. Karte ya uchaguzi inajibu la kwanza. La pili lina sheria yake, ya tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 2004. Ile ya 1981 ilikuwa inatafuta mababu mpaka mwaka 1885, na nani hapa anaweza kumleta shahidi wa 1885? Sheria ya 2004 inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wao na udongo wao vilikuwa sehemu ya nchi hii siku ya uhuru. Tena inasema mtoto ambaye baba yake ao mama yake ni Mkongomani, ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Sikieni vizuri, wamama: baba *ao* mama. Mtoto uliyemzaa Meheba na mwanaume ambaye haonekani tena, hakukosa nchi. Wewe unatosha.

Sheria ile inasema pia kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, hauchangiwi na mwingine. Kwa hiyo yule ambaye kweli alipata uraia wa Zambia, na ile karte yao ya kijani, asiseme ni kitu kidogo. Asitoe hii leo na ile kesho kufuatana na barière anayokuta. Sheria imeweka njia ya kuurudisha uraia wa Kongo; atafute avoka, aifuate ile njia. Chama hakiwezi kumfichia, lakini kinaweza kumsindikiza.

Wengi wetu hatukuwa raia wa kule. Tulikuwa wakimbizi. Hapa nataka kusema neno ambalo limenisukuma kukubali kusimama mbele yenu. Watu wengi, wakifika hapa, wanachoma karatasi za kambi ao wanazificha chini ya godoro. Wanaogopa jirani ataona maandishi ya Kiingereza ao ya Kireno, aseme: «Kumbe uko Muzambia! Kumbe uko Muangola!» Ndugu, karatasi ile isome tena. Pale inaposema mkimbizi, inaandika pia nchi aliyotoka. Inasema Kongo, ao Zaire kwa wale wa zamani. Maana yake serikali ya kigeni, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, waliandika miaka ile yote kwamba wewe uko wa hapa. Ile karatasi unayoona haya kuionyesha inaweza kuwa shahidi wako mzuri kupita wote, juu haikuandikwa na ndugu yako wala haikuandikwa kwa ajili ya kesi ya leo. Formu ya kurudi kwa hiari nayo ni vile vile: majina ya jamaa yote yako pale, baba, mama na watoto, pamoja na miaka yao. Kwa mtoto aliyezaliwa kambini, pengine hiyo ni karatasi ya kwanza iliyomtaja pamoja na mama yake. Usiichome. Tia ndani ya plastiki.

Tena kukimbia si kosa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 juu ya wakimbizi, kwenye kifungu cha 5, unasema anayerudi kwa hiari asiazibiwe juu ya kuondoka kwake, na apewe haki zote za raia wa nchi yake. Ukimwambia mtu wa ofisi neno hili, sema kwa upole, lakini sema.

Sasa majina. Tangu 1972, wakati Mobutu alipokataza majina ya Kizungu, siye tulijifunza jina na postinome, na majina ya ubatizo yakarudi nyuma baadaye. Hapa mtu anaandikwa majina matatu. Kule Zambia wanataka mawili, la kwanza na la jamaa. Kule Angola padri amempa João, na João amebaki. Tena kuna herufi. Jina moja lile lile, Kongo tunaliandika kwa *tsh* ya Kifaransa, Zambia wanaliandika kwa *ch* ya Kiingereza, na Angola utalikuta na *tch*. Angalieni kabila zima: hapa ni Tshokwe, kule ni Chokwe, upande mwingine ni Tchokwe. Watu ni wamoja, nyimbo ni moja. Lakini mwandishi wa ofisi haangalii nyimbo, anaangalia herufi. Baba Tshinyama na mtoto Chinyama, kwake ni watu wawili wasiojuana, na urithi wa shamba umekwama pale.

Na siku za kuzaliwa! Kambini, asiyejua siku yake aliandikwa tarehe 1 mwezi wa 1. Ukisoma karatasi zetu utafikiri mama zetu wote walikubaliana kuzaa siku ya Bonané. Tunacheka, lakini mtoto mwenye tarehe moja kwenye karatasi ya kambi, nyingine kwenye buletini ya shule, na ya tatu kwenye karte, siku ya diploma ya Leta ataitafuta haki yake kwa machozi.

Shauri langu hapa ni dogo. Kila jamaa ikae chini, ichague maandishi moja ya jina na tarehe moja kwa kila mtu, ile iliyo kwenye karatasi ya zamani zaidi yenye kashe. Kisha, kuanzia siku ile, jina liandikwe paka vile mahali pote. Penye tofauti, msikwangue, msibadilishe kwa kalamu yenu. Karatasi moja iliyokwanguliwa inaua nyingine zote. Marekebisho yanafanywa na mahakama.

Nifike kwa watoto, juu hapa tunaweza kushinda. Sheria yetu inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto, na katika siku zile kuandikisha ni bure. Karatasi ya materniti si hati ya kuzaliwa. Ni ushahidi wa kupeleka ku etasivili ya komini, pale wanaandika mtoto katika kitabu cha Leta. Watu wengi wanaishia kwenye karatasi ya materniti, wanaiweka katika Biblia, wanasema imekwisha. Siku 90 zikipita, mambo yanakwenda mahakamani kutafuta hukumu ya supletifu, na pale kuna safari, kuna faili, kuna kungoja. Uchunguzi wa afya wa Leta wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba, kwa watoto wenye chini ya miaka 5, paka 25 juu ya 100 walikuwa wameandikishwa. Njo kusema watoto watatu kati ya wanne walikuwa wanacheza inje bila kitabu chochote kujua majina yao. Wamama mnaozaa mwaka huu, msiongeze hesabu ile.

Vijana mtaniuliza: «Karatasi inalisha?» Hapa Kolwezi, ndiyo. Kodi ya mine inasema karte ya mchimbaji wa mikono inapewa Mkongomani mwenye umri wa mtu mzima, na tangu marekebisho ya 2018 lazima awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Bila kitambulisho hakuna karte, bila karte unachimba kwa mgongo wa mtu mwingine. Madini yako yanapita kwa jina lake, na bei anaipanga yeye. Ukianguka shimoni, hakuna anayejua aandike jina gani. Makuta ya telefone ni vile vile: namba yako ikiandikishwa kwa karte ya rafiki, siku mtakapogombana mfuko ni wake.

Basi turudi kwenye kura yetu.

Kama karatasi inazaliwa na mashahidi, basi chama hiki kimekuwa materniti. Barua yetu inaenda kwa shefu wa kartie, shefu anaandika yake akiangalia yetu, komini inaandika yake ikiangalia ya shefu, na mwisho kuna karte yenye picha. Hakuna anayerudi nyuma kuuliza. Ukweli wote wa ile karte umelala juu ya siku moja ambapo mmoja wetu alisema: «Namjua.» Tukisema «namjua» kwa makuta, si kwa kujua, tunamwibia nani? Si Leta kwanza. Tunamwibia yule mama wa kweli, aliyetoka Meheba bila kitu, ambaye atakuja mwaka ujao na barua yetu mkononi, na shefu ataitupa, akisema: «Za chama kile tunazijua, zinauzwa.» Shahidi ana mali moja tu, ni kuaminiwa. Akiiuza mara moja, hana tena cha kuwapa maskini.

Kwa hiyo naomba tukubali mambo manne.

La kwanza: chama kisisinye kwa mtu ambaye hakuna mwanachama anayemjua kwa macho. Wawili wenye kumjua waandike wenyewe wanamjua tangu wapi na tangu lini. «Nilikuwa naye kambini miaka fulani.» «Mama yake alikuwa jirani yetu Mutshatsha.» Wasiandike kitu wasichokiona. Na asiyejulikana na mtu tusimfukuze: tumsaidie kutafuta mashahidi wake, kwa simu, kwa kanisa, kwa kijiji.

La pili: ushahidi usilipishwe. Fotokopi ilipwe, mafuta ya moto yalipwe, na risiti itolewe. Sinyature ni bure.

La tatu: tufungue buku ya jamaa. Jina la mtu, majina ya wazazi, kijiji ao kartie ya kuzaliwa, mahali alipokimbilia, nani anamjua. Lakini tusiweke mstari wa kabila. Najua mtasema: sheria ya uraia yenyewe inataja makabila. Ni kweli. Mtu akifika mbele ya wakubwa wa sheria, atasema mwenyewe kabila lake, ni haki yake. Lakini buku yetu si mahakama. Ndugu zetu wa 1992 wanajua ilikuwa nini kutafutwa nyumba kwa nyumba juu ya asili. Na kule Rwanda, mwaka 1994, neno moja la kabila kwenye kitambulisho liliamua kwenye barière nani apite na nani afe. Karatasi inaweza kufungua mlango, inaweza pia kumwonyesha muuaji mlango. Basi buku ifungiwe kwa kufuli, funguo mbili, watu wawili.

La nne, nalisema kwa wanachama na kwa wapaji pamoja: mashahidi wetu wanakufa. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita ya 1978, hesabuni leo ana mingapi. Yeye njo anajua mtoto gani alizaliwa njiani kati ya Kasaji na Dilolo, mama gani alizikwa kule, nani ni ndugu ya nani. Wapaji wametuuliza wasaidie nini, wakifikiri kompyuta. Asante, lakini kwanza tupeni safari. Mzee mmoja kufika kutoka Sandoa mpaka kwa hakimu wa watoto, alale, ale, arudi: njo hapo kazi inakwama. Hukumu moja inaweza kuwafaa watoto wa tumbo lile lote, kama shahidi amefika angali na sauti.

Wandugu, nafasi yangu imekwisha. Nawaombeni kura ya ndiyo kwa mambo haya manne. Na tukikubali, kila jamaa ilete karatasi zake zote kwa sekretari, hata zilizopasuka, hata za Kireno, hata zile mlizoziona haya. Tutazisoma pamoja, tutafanya fotokopi, na kila mtu atarudi na za kwake nyumbani.